Mlipakodi Hakuweza Kufika

Nchi yenyewe ina jina zuri tu, ila kulitaja hadharani kunahitaji kibali, na ofisi ya vibali imefungwa tangu wafanyakazi wake waende semina ya uwajibikaji. Kwa hiyo tuiache bila jina. Inatosha kujua kwamba ni nchi ya amani, ina wimbo wa taifa wenye beti nyingi, na ina Wizara ya Fedha na Subira, fedha ikiwa upande wa serikali na subira upande wa wananchi.

Katika mji mkuu wa nchi hiyo, mtaa wa Bondeni Juu, aliishi mjane mmoja aitwaye Bi. Zawena. Alikuwa na kibanda cha mkaa kilichompa riziki, lakini sifa yake haikutoka kwenye mkaa. Sifa yake ilitoka kwenye kamati. Ukiposa, unamwendea. Ukifiwa, anakujia mwenyewe kabla hujamaliza kulia. Hakuna harusi wala msiba uliofanyika Bondeni Juu bila yeye kuwa mwenyekiti, na hakuna mtu aliyewahi kumpigia kura, kwa kuwa hakuna aliyewahi kufikiria mtu mwingine.

Siri yake ilikuwa ndogo. Shughuli ikiisha, aliwaita wote waliochanga kwenye kikao cha kuvunja kamati, akasimama, akasoma mapato na matumizi mpaka bei ya pilipili manga. Kilichobaki, hata kama kilitosha soda mbili tu, watu waliamua wenyewe kiende wapi. Baada ya hapo wakala, wakacheka, kamati ikafa kifo chema.

Mpishi wa shughuli zote hizo alikuwa shoga yake, Tausi. Tausi alikuwa na masufuria makubwa aliyoyanunua kwa mkopo wa Benki ya Ustawi Mwema, na moja kati yake lilikuwa kubwa kiasi kwamba liliitwa Mama Mkwe, kwa sababu hakuna aliyethubutu kuligusa bila adabu. Mtaa mzima ulikuwa umelishwa kutoka kwenye sufuria hilo, walio hai na waliokwisha kwenda zao.

Basi Jumatatu moja watu wakaamka wakakuta milango ya Benki ya Ustawi Mwema imefungwa, na tangazo limebandikwa: TUMEFUNGA ILI KUWAHUDUMIA VIZURI ZAIDI.

Mchana wa siku hiyo Waziri wa Fedha na Subira, Mheshimiwa Ngwalida, alizungumza redioni. Alikuwa na sauti nene, tulivu, sauti ya kumwambia mgonjwa kwamba sindano haiumi.

"Ndugu wananchi," alisema, "napenda kuwahakikishia kwamba benki yetu haijafilisika. Kufilisika ni neno la watu wasioitakia mema nchi. Benki yetu imejikuta katika hali ya utupu wa kimkakati."

Mwandishi mmoja wa habari, ambaye siku hizi anafuga kuku, aliuliza fedha zimekwenda wapi.

"Fedha hazijakwenda popote. Zimekopeshwa," alijibu Waziri, na akaeleza kwa uwazi ambao haukuwahi kuonekana katika historia ya nchi. Sehemu moja ya fedha ilikopeshwa kiwanda cha barafu kilichojengwa juu ya mlima wenye theluji, mali ya mke wa Mkurugenzi Mkuu wa benki, Bwana Pesambili. Kiwanda kilikuwa kinazalisha vizuri sana ila kilikosa wateja. Sehemu nyingine ilikwenda kwenye ujenzi wa bandari katika wilaya isiyo na bahari, ziwa wala mto wa kudumu. Mwenye mradi huo alikuwa shemeji yake Waziri. "Bandari imekamilika kwa asilimia kubwa," alisema Mheshimiwa. "Kilichobaki ni maji."

Wananchi wakaelewa. Walichokuwa hawajaelewa ni kwamba maji yatatoka kwao.

Wiki iliyofuata, magari meusi yaliingia Bondeni Juu yakiruka mashimo, yakasimama mbele ya kibanda cha mkaa. Akashuka Mheshimiwa Ngwalida mwenyewe, na viatu vyeupe. Bi. Zawena alimwekea kigoda, akampa chai ya tangawizi, na Mheshimiwa akainywa yote bila kumwonjesha kwanza mlinzi wake, jambo ambalo mtaa mzima uliliona na kulisifu.

"Bi. Zawena," alisema Waziri, "tumefanya utafiti wa gharama kubwa, na utafiti umeonyesha kwamba katika nchi hii watu hawaiamini serikali. Ila umeonyesha pia kwamba huku kwenu watu wanakuamini wewe. Serikali inataka kuunda Kamati ya Kuiokoa Benki. Nimekuja kukuomba uwe mwenyekiti."

Bi. Zawena akaangalia mikono yake iliyojaa mkaa. "Mheshimiwa, mimi nachangisha harusi."

"Na hii ni nini? Tofauti ni bwana harusi tu. Hebu nieleze, wewe unafanyaje mpaka watu wanatoa?"

"Nasimama mbele yao nawaambia ukweli, kwamba bwana harusi hana kitu. Wanachanga. Halafu baada ya harusi nawasomea mapato na matumizi."

"Hiyo ya mwanzo ni nzuri sana," alisema Waziri. "Hiyo ya mwisho tutaiangalia."

Bi. Zawena hakuwa mjinga. Aliuliza kwa nini wenye barafu na bandari wasirudishe. Waziri akaweka kikombe chini, akasogeza kigoda karibu, akazungumza kwa sauti ya chini, kama mtu wa nyumbani.

"Mama yangu, watu wazito wale tutawabana, lakini kubana kunachukua muda, na benki ina siku chache. Ndani ya benki ile kuna akiba za mama lishe, mishahara ya walimu, viinua mgongo vya wazee. Ikianguka, mimi nitabaki na gari langu. Watakaoangukiwa ni hawa." Akaonyesha mtaa kwa mkono. "Na nakuahidi mambo mawili, mimi mtoto wa mkulima. Benki ikisimama, wakopaji wadogo wataongezewa muda kabla ya mtu mwingine yeyote. Na siku ya kuvunja kamati nitakuja mwenyewe hapa Bondeni. Mbuzi naleta mimi."

Bi. Zawena akamfikiria Tausi na mkopo wake. Akawafikiria wazee wa viinua mgongo. Na tusimfiche: alifikiria pia kwamba katika maisha yake yote hakuna mkubwa aliyewahi kumwita "mama yangu." Akakubali.

Mkutano ulifanyika uwanja wa shule. Bi. Zawena alisimama akasema kama alivyozoea kusema: mwenzetu hana kitu, tukimwacha tutaaibika wote. Mashaka, fundi baiskeli, mtu wa maswali, akanyoosha mkono.

"Bi. Zawena, faida ilipokuwa inaingia, mbona hatukuitwa kwenye kamati?"

Watu wakacheka, wakaanza kunong'ona, na mkutano ulikuwa karibu kuvunjika. Ndipo Tausi aliposimama, kanga kiunoni, mwiko bado mkononi kwa sababu alikuwa ametoka jikoni mbio.

"Mimi benki siijui," alisema. "Waziri simjui. Namjua Zawena. Zawena akisema tuchange, mimi nachanga."

Akaketi. Na Bondeni Juu yote ikakubali, na mitaa mingine iliposikia kwamba Bondeni Juu imekubali, nayo ikakubali, kwa kuwa picha ya Bi. Zawena akiwa na mikono ya mkaa ilikuwa imebandikwa kila ukuta, chini yake maneno: HATA YEYE AMECHANGA.

Mchango ule uliitwa rasmi Mchango wa Hiari wa Lazima. Hiari ilikuwa ya serikali kuuanzisha, lazima ilikuwa ya mwananchi kuutoa. Watu waliuita tozo, kwa ufupi. Kulikuwa na tozo kwenye chumvi, sabuni na kiberiti. Kumtumia mama yako hela kwa simu kulikuwa na tozo, na mama akizipokea, naye tozo. Wachuuzi wa barabarani wenye miavuli walilipia kivuli. Wasio na miavuli walilipia mwanga wa jua. Wizara ilieleza kwamba hatua hiyo ililenga kuleta usawa.

Na benki ikapona haraka ajabu. Wakurugenzi wake wote walifukuzwa kwa aibu asubuhi mbele ya kamera, na mchana wakaajiriwa upya kama washauri wa uokoaji, kwa sababu hakuna aliyejua namna benki ile ilivyoanguka kuliko wao. Mishahara yao iliongezwa, maana kazi ya mshauri ni nzito kuliko ya mkurugenzi. Bwana Pesambili, kwa unyenyekevu, alikataa gari jipya. Alichukua mawili ya zamani ya Waziri, na Waziri akanunuliwa jipya.

Bondeni Juu watu walianza kupika mara moja kwa siku. Harusi zikaahirishwa, na zile ambazo hazikuahirishwa zilikuwa za chai na kashata. Mpishi wa shughuli anakula kwenye shughuli; shughuli zikikosekana, Tausi naye akakosa. Akachelewesha rejesho la mkopo. Hakuogopa. Alikuwa ameambiwa na Zawena, aliyeambiwa na Waziri, kwamba wadogo wataongezewa muda kwanza.

Madalali wa benki walikuja na lori asubuhi, watu wakiwa kwenye foleni ya maji. Walikuwa vijana wenye adabu na tai.

"Tumekuja kuchukua dhamana," alisema mkubwa wao, akielekeza kidole kwenye masufuria.

"Nimechelewa kwa sababu ya tozo yenu," alisema Tausi.

"Tozo si yetu, mama. Ni ya serikali."

"Na hela ya tozo inakwenda wapi?"

"Benki."

"Sasa si ndiyo nyinyi?"

Yule kijana akamwonea huruma ya kweli. "Mama, hayo ni masuala mawili tofauti. Yana hata majengo tofauti."

Mtu akakimbia kumwita Bi. Zawena. Alifika akihema, akajiweka mbele ya lori, akawaambia wasubiri, yeye ni mwenyekiti wa kamati, anampigia Waziri sasa hivi. Wakasubiri, kwa adabu. Simu ikapokelewa na sauti ya mwanamke iliyorekodiwa, ikamshukuru kwa subira yake, ikampigia wimbo wa taifa. Bi. Zawena akasikiliza ubeti wa kwanza, wa pili, wa tatu, simu sikioni, jasho linamtoka, mtaa mzima ukimtazama mdomo wake uone kama utafunguka kusema "shikamoo Mheshimiwa." Kabla wimbo haujaisha, salio likaisha.

Masufuria yakapakiwa. Mama Mkwe likawa la mwisho. Walilibeba vijana wanne, na liliposugua bati la lori lilitoa mlio ambao watu waliokuwa foleni waliinamisha vichwa walipousikia.

Tausi hakulia wala hakupiga kelele. Alimgeukia shoga yake akasema neno moja tu.

"Ulisema."

Kisha akaingia ndani akarudishia mlango.

Bi. Zawena alivaa gauni lake la vikao akaenda mjini kumtafuta Bwana Pesambili. Alikwenda kwa miguu, kwa sababu nauli nayo ilikuwa na tozo. Makao makuu ya Benki ya Ustawi Mwema aliyakuta yamepambwa kwa vitambaa na maputo. Bango refu lilikuwa limetundikwa getini: HAFLA YA KUMSHUKURU MLIPAKODI.

Moyo ukamrudi. Akajiambia, kumbe wametukumbuka. Labda ndani ya hafla hii ndimo watakamotangaza habari ya wadogo.

"Kadi yako, mama?" aliuliza mlinzi.

"Sina kadi. Mimi ni mwenyekiti wa kamati."

"Wenyeviti wote wako ndani, wameshakaa."

"Basi mimi ni mlipakodi. Hafla si yangu?"

Mlinzi akalisoma bango, akamtazama yeye, akalisoma tena. "Wewe na mimi sote, mama," alisema polepole. "Lakini kadi zimeandikwa majina, na hilo jina halimo."

Akamruhusu asimame pembeni ya uzio, mahali penye kivuli, bila kumtoza. Kutoka hapo Bi. Zawena aliona mahema meupe na meza ndefu. Alisikia harufu ya pilau, akatazama upande wa moshi, na juu ya mafiga ya chuma akaliona Mama Mkwe, lina tope la lori ubavuni, linakorogwa na mtu asiyelijua.

Kipaza sauti kikawashwa. Mheshimiwa Ngwalida akasimama, akapigiwa makofi, akasema kwamba katika dunia nzima hakuna kiumbe mwenye moyo kama mlipakodi wa nchi hii. Kwamba yeye binafsi akimfikiria mlipakodi hushindwa kulala, na kwamba alishauriwa na daktari asimfikirie sana. Akasema serikali na benki wameona wamtunuku mlipakodi kikombe cha dhahabu.

"Kwa bahati mbaya," alisema Waziri, "mlipakodi hakuweza kufika. Ana majukumu mengi. Naomba Bwana Pesambili aje apokee kwa niaba yake."

Bwana Pesambili akapokea, akafuta jicho, watu wakasimama kumpigia makofi. Bi. Zawena, nyuma ya uzio, alinyoosha mkono juu kama mtoto darasani. Aliushikilia hapo mpaka makofi yakaisha na muziki ukaanza. Mlinzi alimwona, akageuza uso akatazama barabara.

Hakuondoka. Alimngoja Waziri atoke, akajitupa mbele ya gari. Kioo kikashuka nusu.

"Mheshimiwa, mimi ni Zawena wa Bondeni Juu. Ulikunywa chai kwangu."

"Chai nzuri sana," alisema Waziri.

"Uliniahidi wadogo wataongezewa muda. Wamechukua masufuria ya Tausi."

"Ahadi ile ipo palepale. Imeundiwa kamati ndogo."

"Na kuvunja kamati? Watu wanasubiri mapato na matumizi."

Waziri akamtazama kwa upole, kama mtu mzima anayemweleza mtoto habari za kifo. "Mama yangu, mapato ni siri ya benki, na matumizi ni siri ya serikali. Na kamati haiwezi kuvunjwa. Imepandishwa hadhi, sasa hivi ni Mamlaka. Ina jengo, ina magari, ina watumishi. Tozo ikiondolewa leo, wale watumishi utawalisha wewe?"

Kioo kikapanda.

Jumapili ile Bi. Zawena aliwaita watu uwanja wa shule. Wengi walikuja, kwa mazoea tu. Aliwaeleza kila kitu alichokiona na kukisikia, pilau, kikombe, Mamlaka, kioo cha gari. Alipomaliza alisema, "Mapato ni yenu. Matumizi sikuonyeshwa. Nimewakosea."

Alitegemea matusi. Alikuwa amejiandaa kwa matusi njia nzima. Lakini hakuna aliyetukana. Waliinuka mmoja mmoja, wakakung'uta vumbi nguoni, wakaenda zao, na mzee mmoja alimuaga kwa heshima kuliko siku zote, kama mtu anavyomuaga mgeni.

Tangu hapo watu walinunua mkaa wake, wakahesabu chenji mbele yake. Zamani walikuwa wanaitia mfukoni bila kuangalia.

Miezi ikapita. Binti wa Tausi akaposwa, na mtaa ukaunda kamati. Mwenyekiti alikuwa Mashaka, fundi baiskeli. Bi. Zawena hakuitwa, alisikia habari kwa mnunuzi wa mkaa. Akachukua alichokuwa nacho akakipeleka. Mashaka akahesabu, akahesabu tena, akamwandikia risiti yenye mhuri. Bondeni Juu haikuwahi kuwa na risiti.

"Utaratibu tu, Bi. Zawena," alisema Mashaka, hakumtazama usoni. "Kila mtu anapewa."

Harusi ikafanyika, ndogo, ya heshima, kwa masufuria ya kukodi. Kesho yake, kabla ya adhuhuri, Bi. Zawena alikwenda nyuma ya nyumba ya Tausi, akamkuta peke yake amezungukwa na masufuria ya watu. Hakukaribishwa, hakufukuzwa. Akachukua jivu na gunzi, akachuchumaa, akaanza kusugua.

Wakasugua pamoja. Barabarani likapita gari la matangazo, likiwajulisha wananchi kwamba benki nyingine, Benki ya Neema Tele, imeingia katika utupu wa kimkakati, na kwamba mwenyekiti wa kamati safari hii atakuwa mchezaji mpira mashuhuri. Sauti ikaishia kwenye kona.

"Watu wanasema ulipewa kiwanja," alisema Tausi, macho kwenye sufuria.

"Wapi?"

"Kule wanakokaa mabalozi. Wengine wanasema ni gari, umelificha kwa dada yako."

"Sina dada."

"Najua. Ndiyo maana mimi nikashika la kiwanja."

Bi. Zawena akaacha kusugua. "Sikupewa kitu, Tausi."

"Hata bahasha?"

"Hata nauli. Nilikuwa naenda kwa miguu."

Tausi akamtazama kwa mara ya kwanza tangu siku ya lori. Akamtazama kwa makini, kama anavyoonja mchuzi anaoushuku. "Kwa hiyo ulikuwa unaamini? Yale yote uliyosimama ukatuambia?"

"Niliamini."

"Mungu wangu." Tausi akaketi chini kabisa, kwenye maji machafu, akiwa bado na gauni lake jipya la mama wa bibi harusi. "Miezi yote hii mimi najipoza kwamba angalau tumeuzwa. Nikawa najiuliza ni bei gani. Kumbe tumegawiwa bure."

Bi. Zawena akaanza kulia, bila sauti, mikono ikiwa bado ndani ya sufuria.

"Usilie hapa," alisema Tausi. "Ungepewa kiwanja ningekuchukia, nikamaliza. Sasa nikufanye nini?"

Tausi akalisukuma kwa mguu sufuria lililoungua wali chini mpaka likamgusa shoga yake magotini.

"Sugua na hilo," alisema. "Wenyewe wanalitaka kabla ya saa nane."